Mwembe Ulioinama

Mwembe ni mti usiopukutika majani. Wakati wa kiangazi miti mingi ya porini husimama mitupu, lakini mwembe huwa na majani mabichi mwaka mzima. Ndiyo sababu katika nchi ya Sengerema, magharibi ya Ghuba ya Mwanza, watu wengi huupanda uani wapate matunda na uvuli.

Lakini majani hayo hushika upepo kama tanga la mashua. Mvua za kwanza, yapata mwezi wa Oktoba, pengine huja na dhoruba. Asubuhi mwenye nyumba huona mwembe wake mchanga umeinama. Mwembe uliotoka katika kokwa huweza kukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Basi kuupoteza ni kupoteza miaka hiyo yote. Mara huwaita vijana wauvute kwa kamba. Afadhali angoje, aangalie kwanza sababu.

Mti huinama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutafuta mwanga. Mti ulio uvulini hujipinda kuelekea penye jua. Mizizi yake ni imara, na kuuvuta ni kazi bure. Dawa yake ni kukata matawi yanayouzuilia jua.

Sababu ya pili ni mizizi kulegea. Shina likitikiswa, ardhi hucheza. Na upande usioinamiwa udongo umepasuka na kuinuka. Mti huu lazima uinuliwe upesi, maana mizizi iliyo wazi hukauka.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza ardhi ilowanishwe. Kisha udongo uchimbuliwe chini ya mizizi iliyoinuka, ipate nafasi ya kurudi, wala isikatwe. Watu wawili wausukume mti polepole, na wa tatu aangalie mizizi. Ukikataa, wachimbe zaidi, wasishindane nao kwa nguvu. Ukiisha kusimama, udongo urudishwe, ukandamizwe, na kumwagiwa maji.

Halafu isimikwe miti miwili ya kuushikilia, mmoja kila upande, nje ya mizizi. Shina lifungwe kwa kitambaa kipana cha gunia, kilegee kidogo. Kamba nyembamba hukata gome, na mti hufa. Tena mti usiotikisika kabisa haupati nguvu. Kucheza kidogo kwa upepo hunenepesha shina. Miti hiyo ikaguliwe mara kwa mara, maana mchwa huila. Baada ya mwaka mmoja hivi iondolewe.

Lakini mwembe mkubwa usivutwe, kwa maana mizizi iliyobaki itakatika. Ukiwa umeinama tangu zamani na ardhi yake ni imara, uachwe; wenyewe huelekeza ncha yake juu. Bali ikiwa udongo unazidi kupasuka, nao umeielekea nyumba, ukatwe kabla haujaangukia watu.

Wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji." Aliyeuona mti wake mapema, ardhi ingali laini, ana kazi ya asubuhi moja. Aliyechelewa hubaki na shoka tu.

MASWALI
1. Kwa nini upepo huuangusha mwembe kwa urahisi?
2. Utajuaje kama mizizi imelegea?
3. Kwa nini haifai kutumia kamba nyembamba?
4. Eleza maana ya methali iliyotajwa.