Nyama ya moshi: Ladha isikusahaulishe usalama wa familia

JUMAPILI moja jioni mwanamume aliingia kliniki akiwa amembeba mtoto wa miezi saba. Mkewe alimfuata, amewashika mikono watoto wengine wawili. Wakubwa waliumwa na kichwa na walikuwa wakitapika.

"Daktari, ni nyama," akasema. Mchana huo alikuwa amejaribu kukausha mbavu za mbuzi kwa moshi, nyumbani kwake katika ghorofa ya nne.

Lakini kuna mambo ambayo hayakulingana na maelezo yake. Hakuna aliyekuwa na homa wala aliyeendesha. Wote walianza kuugua karibu wakati mmoja. Na yule mchanga, ambaye alikuwa amelegea kuliko wengine, hakuwa ameonja nyama hiyo hata kidogo.

Nilimwuliza alikoliweka jiko. Lilikuwa jikoni, dirisha limefungwa ili moshi usiwaudhi majirani. Na bado lilikuwa likiwaka.

Basi si nyama iliyowadhuru. Ni hewa. Walipelekwa hospitali wakawekewa oksijeni, na wote wakapona. Kama ningewapa dawa ya kuzuia kutapika na kuwaruhusu waende nyumbani, wangelala karibu na jiko hilo.

Wiki hii, msomaji, tutazungumzia nyama ya moshi na viungo vya kuilowesha, kwa kuwa wengi mjini wameanza kujaribu mapishi haya.

Si jambo geni

Kukausha nyama si mtindo wa kigeni. Waluo wana aliya, nyama inayokaushwa juani. Jamii za kaskazini mwa nchi zina nyirinyiri, nyama inayokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Samaki wa moshi kutoka Ziwa Victoria anajulikana katika masoko yetu.

Lakini wazee walikausha nyama ili ikae bila friji. Waliondoa maji mpaka ikawa ngumu, na viini haviwezi kuzaana pasipo maji. Nyama unayoitia moshi kwa saa mbili au tatu nyumbani ni laini na ina maji tele. Moshi umeipa harufu na rangi tu. Itaharibika kama nyama nyingine yoyote.

Anza buchani

Nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Usinunue nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Ugonjwa wa kimeta hauogopi moshi, kwani viini vyake hujifunika kwa ganda gumu linalostahimili joto na ukavu.

Kulowesha kwenye viungo

Ndimu, maziwa lala, ukwaju, kitunguu saumu na tangawizi hulainisha nyama na kuitia ladha. Watu wa Pwani hutumia papai bichi kwa mishkaki, kwa sababu utomvu wake huvunjavunja protini za nyama. Usilizidishe, la sivyo nyama itakuwa kama uji.

Hata hivyo, wengi hukosea katika mambo haya manne:

1. Hudhani ndimu huua viini. Haiui vya kutosha. Nyama iliyoloweshwa ni mbichi bado, na ni lazima ikae ndani ya friji. Viini huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, na jikoni kwako mchana ni katikati ya hapo.

2. Huloweshea kwenye sufuria ya alumini. Vitu vichungu kama ndimu na ukwaju huila alumini. Tumia bakuli la kioo au la plastiki ya kuwekea chakula, lenye kifuniko.

3. Huipaka nyama iliyoiva mchuzi ule ule ulioloweshea nyama mbichi. Huko ni kuvirudisha viini. Tenga mchuzi kidogo kabla ya kutia nyama, au uchemshe vizuri uliobaki.

4. Hutumia kisu na ubao mmoja kukatia nyama mbichi, kisha kachumbari. Kachumbari haipikwi, kwa hivyo chochote kilichoingia humo kinaliwa kikiwa hai.

Kwa kilo moja ya kuku, jaribu ndimu mbili, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi iliyotwangwa, kijiko kimoja cha mafuta na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Iweke ndani ya friji kwa saa mbili hadi nne.

Moshi na jiko

Pikia nje, mahali penye hewa wazi. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hii hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na mtu hukosa hewa huku akipumua. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Kuliacha jiko kwenye roshani iliyozungushiwa vioo ni sawa na kuliweka sebuleni.

Tumia maranda au vipande vya mti mgumu uliokauka, kama mpera au mchungwa. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala mbao za kubandikwa kwa gundi. Epuka pia saiprasi na misonobari, kwa kuwa utomvu wake hutoa masizi mengi machungu. Usitumie mti usioujua, kwani baadhi ya maua ya uani yana sumu. Na pipa au karai la mabati lisiwekwe motoni, kwa maana ile rangi ya fedha hutoa mvuke wenye madhara.

Je, imeiva?

Moshi huipaka nyama wekundu ambao hubaki hata ikiiva, kwa hivyo rangi haiaminiki. Kipimajoto cha nyama ni bora. Kichomeke sehemu nene pasipo kugusa mfupa: kuku afike nyuzi 74, na nyama ya kusaga nyuzi 71. Usipokuwa nacho, imalizie nyama kwa kuichemsha au kuioka.

Usijaribu nyumbani ule utiaji moshi wa baridi unaofanywa na viwanda bila kupika. Wala usinunue chumvi za viwandani za kuhifadhi nyama na kuzikadiria kwa mkono. Zikizidi kidogo, huzuia damu kubeba oksijeni.

Kiasi gani?

Mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama iliyosindikwa, pamoja na ya moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu wake walikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Neno muhimu hapo ni "kila siku". Nyama ya moshi mara moja kwa mwezi, pamoja na sukuma wiki na matunda, si jambo la kukukosesha usingizi. Kata sehemu zilizoungua na usiache mafuta yadondokee makaa.

Chumvi nayo ihesabiwe. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo apunguze zaidi. Mwenye pumu asisimame karibu na moshi.

Mabaki yaingie ndani ya friji kabla ya saa mbili kwisha na yaliwe kwa siku tatu. Stima ikipotea zaidi ya saa nne, yatupe.

Ukiona dalili hizi

Kuendesha, homa na kutapika saa kadhaa baada ya kula ni dalili za chakula kibovu. Mpe mgonjwa maji yenye chumvi za ORS, na umwone daktari akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa au akiwa ni mtoto mdogo.

Lakini watu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa, kizunguzungu na kutapika kwa pamoja, na kuna jiko linalowaka, watoe nje kwanza. Maswali baadaye. Waende hospitali, na mwambie daktari kuhusu jiko. Kile kifaa kinachobana kidole kinaweza kuonyesha kuwa wana oksijeni ya kutosha ilhali hawana.

Yule baba alinieleza baadaye kwamba bado anapika mbavu zake. Siku hizi anapikia uani, na majirani aliowahofia huja na sahani.

Hadi wiki ijayo, afya njema.