Dondoo Muhimu: Kutambua Chanzo cha Mlio wa Gurudumu Unaokuja na Kupotea

Katika gari la zamani linaloteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela na Njisi, karibu na mpaka wa Kasumulu, ambako mteremko mrefu huzipasha breki moto na tope la bondeni hunata ndani ya rimu, chanzo cha mlio hutafutwa kwa kuzingatia hali unamotokea, kabla ya kununua kipuri chochote.

• Rimu zioshwe na nati zikazwe kwanza, kwa kuvuka kutoka moja hadi ya mkabala, kwani nati iliyolegea hugonga kwa vipindi na inaweza kusababisha gurudumu kuchomoka.

• Mvumo unaopanda pamoja na mwendo huashiria beringi, yaani seti ya gololi inayoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi; ukizidi katika kona ya kushoto, beringi ya kulia hushukiwa kwanza, kwa kuwa uzito huhamia upande huo.

• Mkwaruzo unaobadilika breki inapokanyagwa hutokana mara nyingi na pedi zilizolika, au kokoto iliyonasa kati ya diski na bati linaloikinga.

• Mlio wa kugonga wa haraka haraka usukani unapokatwa hadi mwisho huonyesha kuchakaa kwa kiungo cha ekseli ya mbele, hasa raba yake ikipasuka, grisi ikatoka na tope likaingia.

• Gurudumu likiinuliwa kwa jeki, huku mengine yamezuiwa kwa mawe, litikiswe likishikwa juu na chini. Likicheza, gari lisibebe abiria kabla ya kutengenezwa.