Kwa Nini Globu Mpya ya Motokaa Huungua Upesi

Dereva atokaye Korogwe kwenda Handeni usiku kwa taa moja ya mbele yumo hatarini, kwani mwenzake ajaye hudhani ni pikipiki, asimwachie nafasi ya kutosha. Yafaa globu iliyoungua ibadilishwe upesi. Lakini wengi hulalamika kwamba mkono haupiti nyuma ya taa, na globu mpya nayo huungua baada ya siku chache. Sababu ni nini?

Ndani ya globu mna uzi mwembamba wa tangsteni, metali isiyoyeyuka mpaka joto lifike sentigredi 3,422. Globu ya halojeni hutiwa pia iodini au bromini, ambayo hurudisha kwenye uzi chembe za tangsteni ziutokazo. Kazi hiyo yataka kioo kiwe cha moto sana. Ukikigusa kwa vidole, mafuta ya ngozi hubaki. Mahali hapo hupata joto kupita kiasi, na kioo huharibika.

Kwa hiyo zima taa, ngoja ipoe. Nafasi ikiwa finyu, usivute kwa nguvu. Ondoa kwanza kinachozuia, hata kama ni betri. Shika globu kitakoni. Ukigusa kioo, kipanguse kwa spiriti. Tena soma volti: motokaa ndogo hutumia 12, malori mengi 24. Globu ya 12 ikitiwa katika lori la 24 huungua mara moja.

Zoezi: Globu ya wati 60 kwa volti 12 hupitisha ampea ngapi? Je, fyuzi ya ampea 3 yaifaa?