Mama wa Mapacha na Sukari ya Damu

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambayo kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha watoto wawili au zaidi. Habari hiyo ikifika nyumbani, watu huanza kuulizana kuhusu nguo, kitanda na gharama. Majina hayana shida, Kulwa na Doto yapo tayari. Sukari ya damu haitajwi na mtu. Tunaomba itajwe mapema, hata kama mama ni kijana, mwembamba, na kwao hakujawahi kuwa na mgonjwa wa kisukari.

Kwa nini mimba ya mapacha

Kondo la nyuma hulisha mtoto, na pia hutengeneza homoni. Baadhi ya homoni hizo hufanya mwili wa mama uwe mzito kuitikia insulini, ile inayotoka kwenye kongosho ili kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli. Hilo si kasoro, kwani ndiyo njia ya kuhakikisha sukari ya kutosha inabaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Kongosho la mama nalo huongeza kasi, likatoa insulini mara mbili au zaidi ya kawaida yake. Likizidiwa, sukari hupanda kupita kiasi, na hicho ndicho kisukari cha mimba.

Mwenye mapacha ana makondo mawili, au moja kubwa kuliko la mtoto mmoja, kwa hiyo homoni hizo ni nyingi zaidi. Kongosho lake hubeba mzigo huo hata akiwa mzima kabisa. Wa watatu mzigo wake ni mkubwa zaidi.

Lipo na jambo jingine ambalo watu hawaliunganishi. Mapacha wasiofanana hupatikana zaidi kwa mama aliyepita umri wa miaka 35, kwa aliyezaa mara nyingi, na kwa aliyesaidiwa na dawa au upandikizaji ili ashike mimba. Umri mkubwa huo huo huongeza pia uwezekano wa kisukari cha mimba. Mara nyingi, basi, mambo hayo mawili hukutana kwa mama mmoja. Akiwa pia ana uzito mkubwa, au mzazi au ndugu mwenye kisukari, au aliwahi kupata kisukari katika mimba iliyopita, au aliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, asingoje mimba ikomae: aombe kupimwa sukari kwenye hudhurio la kwanza kabisa kliniki.

Dalili zitakudanganya

Vitabu hutaja kiu, kukojoa mara kwa mara na uchovu. Muulize mama yeyote wa mapacha aliyefika mwezi wa tano: hivyo vyote anavyo, na sukari yake huenda iko sawa. Na yule ambaye sukari yake imepanda mara nyingi hasikii lolote la ziada. Kungojea dalili ni kupoteza wiki zenye thamani.

Kipimo cha mkojo peke yake pia hakitoshi. Wakati wa ujauzito figo huweza kupitisha sukari hata kama damu haina tatizo, na mkojo ukiwa safi hauthibitishi kwamba damu nayo ni safi. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu nacho kinaweza kupotosha mama mwenye upungufu wa damu au selimundu, na upungufu wa damu ni wa kawaida sana kwa wanaobeba mapacha.

Kipimo cha kuomba ni cha kunywa glukosi, kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hulala bila kula, asubuhi anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha anatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kisukari cha mimba kinatajwa iwapo sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 5.1 mmol/L au zaidi, au ya saa moja ni 10.0 au zaidi, au ya saa mbili ni 8.5 au zaidi. Jibu moja tu likifika hapo linatosha. Akitapika kinywaji kile, na wa mapacha hutapika, kipimo kirudiwe siku nyingine. Kisiandikwe kuwa kimefanyika.

Zahanati nyingi hazina glukosi hiyo. Omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wakati unasubiri, pimwa angalau sukari ya asubuhi kwa tone la damu la kidoleni.

Jikoni

Hapa ndipo nyumba ina kazi kubwa, na ndipo bibi, shangazi na majirani wana maneno mengi. La kwanza utakaloambiwa ni kwamba sasa mnakula watu watatu, kwa hiyo sahani iwe tatu. Sivyo. Mama wa mapacha anahitaji nyongeza ya chakula kuliko wa mtoto mmoja, ila nyongeza hiyo ni kama mlo mdogo mmoja kwa siku, si sufuria.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, na sisi linatutia hofu zaidi. Mama anaambiwa ana sukari, anaogopa, anaacha wali, ugali, matunda, anabaki na mboga na maji. Mapacha huzaliwa wadogo hata bila hayo, na wengi huja kabla ya wiki ya 37. Mama anayejinyima anawanyima na wao. Kwa aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida, wataalamu hutarajia aongezeke kati ya kilo 17 na 25 hadi mwisho. Mizani ya kliniki ikigoma kupanda, sema.

Ugawe mlo badala ya kuufuta: milo mitatu ya wastani na vitafunio viwili au vitatu katikati, kimoja kabla ya kulala, kwa kuwa mwili wenye mapacha huishiwa haraka usiku. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu au mboga nyingine. Robo maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, ndizi au viazi. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima.

Anza na chai. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, tayari ni vijiko kumi na viwili kabla hujala kitu. Soda, juisi ya miwa na juisi ya matunda hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka Tabora. Uji usiachwe, ila upikwe wa unga usiokobolewa, ulainishwe kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Chapati moja na maharage ni mlo. Maandazi matatu na chai ya sukari ni njia ya mkato ya kuipandisha sukari asubuhi, wakati insulini inafanya kazi kwa shida zaidi.

Msimpikie mama chungu chake. Chakula hiki kinafaa baba na watoto pia, na anayekula peke yake chakula cha mgonjwa huchoka baada ya wiki mbili. Baada ya kula, kama daktari hajamzuia, atembee taratibu dakika kumi hivi.

Mwezi wa Ramadhani ukiangukia kwenye mimba ya mapacha yenye kisukari, sheria ya dini imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga anapohofia nafsi yake au watoto. Anayetumia insulini asijaribu kufunga bila kuzungumza na daktari. Kwenye futari apunguze kaimati na tambi za sukari.

Dawa zikihitajika

Malengo ya kawaida nyumbani ni chini ya 5.3 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula. Chakula kisipoyafikisha, daktari ataongeza metformini au insulini. Kuchomwa insulini hakumaanishi mama ameshindwa, na hatachomwa maisha yote: wengi huiacha siku ile ile wanayojifungua. Kiasi cha insulini kinachovuka kondo na kumfikia mtoto ni cha kupuuzwa.

Nyumba isiyo na friji isiikimbie dawa. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata joto la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa insulini ilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Kichupa kikae kivulini, ndani ya chungu chenye ubaridi, mbali na jiko, na kisigande.

Insulini huweza kushusha sukari kupita kiasi. Mama akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale.

Sindano ya mapafu

Uchungu ukitishia kuja mapema, daktari huweza kumchoma mama sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Hazifai kukataliwa, kwani huokoa watoto njiti. Lakini hupandisha sukari ya mama kwa siku kadhaa. Kama ana kisukari, mkumbusheni anayemhudumia, ili sukari ipimwe mara nyingi siku hizo.

Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, uso kuvimba, damu, chupa kupasuka au watoto kupunguza kucheza: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mapacha na kisukari kwa pamoja huongeza hatari ya kifafa cha mimba.

Wakishazaliwa

Zaeni hospitalini penye uwezo wa upasuaji na wa kutunza njiti. Watoto wa mama mwenye sukari huweza kuishiwa sukari yao baada ya kuzaliwa, hivyo wanyonye ndani ya saa ya kwanza, wakae na joto kifuani, na wapimwe.

Sukari ya mama hushuka, na hapo nyumba husahau. Aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mara kadhaa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele, na kunyonyesha husaidia kuupunguza. Arudie kipimo cha glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha apimwe sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu. Watoto huchanjwa wiki ya 6 na ya 10. Panga kipimo siku ya chanjo, maana mama wa mapacha hapati safari nyingine ya peke yake. Aende na mtu wa kubeba mtoto wa pili, kwa kuwa atakaa kwenye benchi saa mbili.