Kisawe cha Kitenzi "Counterbalance" katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza dhana ya kitenzi cha Kiingereza "counterbalance", yaani kani moja kuikabili nyingine hadi zitoshane. Sehemu ya pili ya kitenzi hicho ina asili ya neno la Kilatini bilanx, lenye maana ya mizani ya sahani mbili. Kwa hiyo mfano wa mizani ndio unaofaa kuanzia.

2.0 Uchambuzi

Ichukuliwe mizani ya sahani mbili katika duka la Chitete, wilayani Momba:

(1) Muuzaji anasawazisha mizani.
(2) Mchele unatoshana na jiwe la kilo 1.
(3) *Jiwe la kilo 1 linasawazisha mchele.

Sentensi (3) haikubaliki kwa maana inayokusudiwa. Kitenzi sawazisha, kilichoundwa kwa sawa na kiambishi cha usababishi, hutaja matokeo. Yambwa yake ni kile kinachofanywa kuwa sawa, wala si kani inayokabiliwa. Katika (2), kiambishi -an- huwapa wahusika wote wawili hadhi moja, hivyo hakuna anayekabili wala anayekabiliwa. Kiingereza, kinyume chake, hulifanya jiwe kuwa kiima na uzito wa mchele kuwa yambwa. Kinzana hutaja upinzani bila kudai usawa. Fidia hudai hasara au upungufu uliotangulia.

3.0 Athari katika Ufundishaji

Lori litokalo Chitete kwenda Tunduma, likiwa katika kipande cha barabara tambarare kilichonyooka, likienda kwa kasi isiyobadilika, kani inayolisukuma mbele hutoshana na jumla ya msuguano na upinzani wa hewa. Hata hivyo lori halisimami. Mwanafunzi aambiwaye tu kwamba kani hizo "zinakinzana" aweza kudhani kuwa mwendo umekoma. Aweza pia kuchanganya hali hiyo na kanuni ya tatu ya Newton, ambayo kani zake mbili hutenda juu ya vitu viwili tofauti, ilhali kani zinazotoshana hapa hutenda juu ya lori lilelile.

4.0 Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, orodha ya istilahi peke yake haionyeshi kiima na yambwa ya kitenzi. Inapendekezwa kutumia vitenzi viwili: "kani ya kwanza inaikabili ya pili na kutoshana nayo". Kukabili huonyesha mwelekeo. Kutoshana huonyesha kiasi. Mbeba mzegazega huvijua vyote viwili kila aongezapo mzigo upande mmoja.