Ordinateri ikilala, kilo zetu zisipotee



Leo tunaacha kidogo kukata matawi na mbolea, tuzungumze juu ya ordinateri ya kooperative. Usiseme hiyo ni kazi ya sekretere peke yake. Kilo zako ziko mule ndani.

Msimu uliopita tulifika kwa kooperative moja siku ya malipo. Walimaji walikaa uani tangu asubuhi. Siku iliyotangulia, sekretere alikuwa anatoa kilo kwenye kaye ya mizani na kuzitia katika Excel. Jioni akaitwa inje kupima kahawa ya watu wa mwisho, akaacha kazi wazi. Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi. Akafikiri mashini imezimika, akaifunga, akaenda zake. Usiku batri ikaisha. Asubuhi Excel ikarudisha sehemu tu ya kazi. Mistari ya mwisho hakuna. Ilibidi kurudia kaye ukurasa kwa ukurasa, na watu wakarudi nyumbani bila feza.

Kulala si kuzima

Ordinateri ikikaa bila kuguswa, inalala ili kuchunga batri. Kazi ambayo haijahifadhiwa inabaki katika kumbukumbu inayoishi kwa kuran tu. Ukiigusa mapema, unaikuta yote. Lakini hata ikilala inaendelea kula batri kidogo kidogo. Batri ikiisha, kumbukumbu hiyo inafutika.

Ni kama kahawa iliyo kwenye meza ya kukaushia: ni yako, lakini haijaingia depo. Mvua haikuulizi kama umemaliza. Ordinateri vilevile: inahesabu tu dakika ambazo hakuna mtu aliyeigusa. Basi onyo tujiwekee sisi wenyewe.

Mambo matano ya kufanya

1. Mbele ya kuinuka, hifadhi. Bonyeza Ctrl na S pamoja. Fungulia faili jina tangu mstari wa kwanza, na hifadhi kila ukimaliza ukurasa mmoja wa kaye. Excel inajiwekea nakala ya dharura, kwa kawaida kila dakika 10, lakini unayoandika katikati yanaweza kupotea.

2. Ongeza dakika. Ingia «Paramètres», «Système», kisha «Alimentation», utafute neno «veille». Wakati mashini iko kwenye kuran ao soleri, weka saa moja. Kwenye batri, dakika 15 zinatosha.

3. Batri ikuonye mapema. Katika «Panneau de configuration», ingia «Options d'alimentation», ufungue mipangilio ya juu ya batri. Penye «Niveau de batterie faible» weka 25, na uwashe «notification». Alama ikitokea, hifadhi kwanza, kisha tafuta shajeri.

4. Usifunge kifuniko wakati mashini iko inatuma ripoti ao inanakili kwenye kle. Mara nyingi kufunga ni kuilaza, na kazi inakatika njiani. Ngoja imalize.

5. Jioni, zima kabisa. Chagua «Arrêter», si «veille». Kioo cheusi si ushahidi kwamba imezimika.

Na kaye? Isitupwe. Ikae mahali pakavu hadi kila mlimaji amelipwa na ametia sahihi. Ndiyo iliyookoa kooperative tuliyoisema.

Kwa mkutano wenu ujao

Muulizane: Nani mwingine, zaidi ya sekretere, anajua kuhifadhi kazi? Nakala ya hesabu iko wapi inje ya ordinateri? Mara ya mwisho ilifanywa siku gani?

Sekretere asisomewe makosa mbele ya watu. Mashini ilikuja bila mtu wa kuifundisha. Mwekeni mwanamemba mmoja kijana karibu naye, wajifunze pamoja, mbele ya mavuno kuanza.

Kazi njema, na mavuno mema.