MITI YA UZIO: IPI INA SUMU?



Miti tunayopanda kuzunguka nyumba na bustani hutusaidia sana. Huzuia mbuzi, hushika udongo. Lakini mitatu inayojulikana sana ina sumu. Hatuwaambii muing'oe. Tunawaomba muifahamu, na watoto wenu pia waifahamu.

1. MBONO KABURI. Tunda lake ni la kijani, likiiva huwa la njano, kisha hukauka na kuwa jeusi. Ndani mna mbegu nyeusi, kwa kawaida tatu. Ladha yake ni nzuri kama ya karanga, ndiyo maana watoto huzila. Huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha.

2. MBARIKA (MNYONYO). Mbegu zake zina madoadoa, zinafanana na kupe aliyeshiba damu. Mbegu iliyotafunwa ni ya hatari kuliko iliyomezwa nzima, na inaweza kuua. Dalili zaweza kuchelewa saa kadhaa. Mifugo nayo hufa ikila mbegu hizo. Usizitoboe kumtengenezea mtoto shanga.

3. MNYAA. Una vijiti vya kijani, karibu hauna majani. Mbuzi huukwepa, ndiyo maana ni uzio mzuri. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na waweza kuumiza macho vibaya. Ukiukata, funika mikono na usijipanguse uso. Watoto wasichezee vijiti vyake.

MTOTO AKILA MBEGU, UFANYE NINI?
- Mtoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji.
- Usimlazimishe kutapika. Usimpe dawa ya kienyeji.
- Mpeleke zahanati mara moja, hata kama bado anacheza. Chukua mbegu au jani, mganga aone ni mti gani.
- Akiharisha njiani, na yu macho, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Mtoto hudhoofika haraka akipoteza maji.

UTOMVU UKIINGIA JICHONI: Usisugue. Osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

ZOEZI LA LEO: Kabla jua halijatua, zunguka uzio wako pamoja na watoto. Wataje kila mti kwa jina, pia kwa lugha ya nyumbani. Wafundishe neno moja: tunda usilolijua, uliza kwanza.

Ukishasoma karatasi hii, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee.